Nyonga ya Mtoto: Kilema cha Kuzaliwa Kisicholia

Mama,

Siku ya kupima watoto unaleta mtoto wako kliniki. Anawekwa kwenye mizani, anapata chanjo yake, kadi inaandikwa, kisha unarudi nyumbani au shambani. Fikira zako zote ziko kwenye kilo. Hiyo ni vizuri. Lakini leo tutajifunza juu ya kiungo kimoja ambacho mizani haiwezi kukipima. Kiungo hicho ni nyonga.

Katika somo hili kuna neno moja kubwa. Ukisahau mengine yote, ulishike hili: kilema cha nyonga cha kuzaliwa, wakati kinapoponyeka kwa urahisi, hakimuumi mtoto. Kinapoanza kuuma, wakati mwepesi wa kukiponya umekwisha kupita. Kwa hiyo hatungojei maumivu. Tunatafuta dalili mapema.

NYONGA NI NINI?

Watu wengi husema "kiuno kinaniuma" wakati kinachouma ni nyonga. Kiuno ni pale unapofungia kikwembe. Nyonga iko chini yake, mahali paja linapoungana na mwili. Ukiinua goti lako kama mtu anayepanda mlima, pale panapojikunja ndipo nyonga ilipo.

Ndani yake mifupa miwili inakutana. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo. Mfupa wa nyonga una shimo kama kikombe. Kichwa kinaingia katika kikombe na kuzunguka humo, nasi tunaweza kutembea, kuchuchumaa, kulima na kubeba mzigo.

Fikiri juu ya kinu na mchi. Kinu kinachotwangiwa kila siku, shimo lake huzidi kuchongeka. Kama mchi ungekuwa unapiga pembeni, shimo lisingechongeka, na mdomo wa kinu ungeharibika. Nyonga ya mtoto ni vile vile. Mtoto anapozaliwa, kikombe chake bado ni laini na hakina kina kirefu. Kichwa cha mfupa kikikaa katikati yake, kikombe kinakua vizuri na kukishika. Kikikaa pembeni au nje, kikombe kinabaki bapa kama sahani.

KILEMA CHENYEWE

Watoto wengine huzaliwa na nyonga iliyolegea. Wengine kikombe chao ni kifupi mno. Wengine kichwa cha mfupa kimekwisha toka nje kabisa. Mara nyingi huwa ni mguu wa kushoto, lakini inaweza kuwa wa kuume, au yote miwili.

Hatujui sababu zote, lakini tunajua watoto gani wako katika hatari zaidi:

1. Mtoto aliyelala tumboni kwa kutanguliza matako, hata kama baadaye alipasuliwa mama ili azaliwe.
2. Mtoto wa kike. Wasichana hupata kilema hiki mara nyingi kuliko wavulana.
3. Mtoto wa kwanza wa mama, kwa sababu tumbo bado linambana.
4. Mtoto ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja alizaliwa na nyonga mbaya.
5. Mtoto aliyekuwa na maji kidogo katika mfuko wa uzazi.

Basi, kama mtoto wako ni mmoja wa hawa, mwambie mkunga au mwuguzi bila kungoja akuulize. Sema: "Huyu alikuja kwa matako." Neno hilo moja linaweza kumsaidia mtoto maisha yake yote.

Sikia pia hili: kilema hiki hakiletwi na uchawi wa jirani, wala na chakula ulichokula wakati wa mimba, wala na kosa la mama. Mume au mama mkwe asikulaumu. Mnapopoteza miezi kumtafuta mwenye kosa, mfupa wa mtoto unaendelea kukua vibaya.

KWA NINI SI WENGI KWETU?

Ulaya, mtoto 1 au 2 katika kila 1000 huzaliwa na nyonga iliyotoka nje. Kwetu Afrika waganga wanawaona wachache sana. Katika hospitali ya Beit CURE ya Blantyre, nchini Malawi, waganga walihesabu watoto waliotunzwa pale kwa magonjwa ya mifupa tangu 2002 mpaka 2012. Walikuwa zaidi ya 40,000. Waliopasuliwa kwa sababu ya kilema hiki walikuwa 9 tu.

Juu ya nini? Waganga wengi wanafikiri sababu moja kubwa ni ile ngobi yako, kitambaa cha kubebea mtoto. Mtoto akiwa mgongoni, miguu yake inapanuka kama mtu aliyepanda punda, na magoti yanajikunja. Kwa kukaa hivyo, kichwa cha mfupa kinasukumwa katikati ya kikombe. Nyonga iliyolegea kidogo inapata kukaza yenyewe, hata mama asijue kwamba ilikuwa imelegea.

Sehemu nyingine za dunia wana desturi kinyume. Wanamfunga mtoto mchanga kwa nguo akiwa amenyoshwa miguu, imebanwa pamoja kama kuni. Japani walifanya hivyo zamani, na kwao mtoto 1 katika 100, au hata zaidi, alikuwa na nyonga mbaya. Tangu 1975 waganga wa kule walianza kufundisha wazazi na bibi kuacha kunyosha miguu ya watoto kwa nguvu. Hesabu ikashuka mpaka 1 au 2 hivi katika 1000. Hawakuhitaji dawa kwa hilo. Walibadili namna ya kufunga nguo.

Kwa hiyo, mama wa Salamabila, usione haya kumbeba mtoto mgongoni. Wengine wanafikiri ni desturi ya zamani tu. Sivyo. Ila mbebe vizuri:

— Kitambaa kimshike toka chini ya matako mpaka mgongoni, na kifike chini ya mapaja mpaka magotini. Miguu isining'inie imenyooka.
— Mapaja yapanuke kuzunguka mwili wako.
— Kichwa cha mtoto mchanga kishikiliwe, na pua na mdomo wake visifunikwe.
— Unapomfunika kwa ajili ya baridi, funga kifua na mikono, lakini acha miguu iwe na nafasi ya kujikunja na kupiga-piga.
— Mtoto aliyezaliwa sasa hivi asishikwe kwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini.

Lakini angalia: ngobi inapunguza kilema, haikimalizi. Nyonga iliyotoka kabisa hairudi kwa kubebwa tu. Na kwa kuwa kilema hiki ni cha nadra kwetu, hata mwuguzi anaweza kupita miaka bila kukutana nacho. Ndiyo maana macho ya mama yanatakiwa.

MAMA ALIYESIKIA MLIO

Huko Italia alikuwako mganga wa watoto aliyeitwa Marino Ortolani. Mama mmoja alimweleza kwamba anapomsafisha mtoto wake na kumpanua miguu, anasikia mlio mdogo nyongani. Mganga hakumdharau. Alipima, akafikiri, na katika 1937 aliandika juu ya alama ile. Mpaka leo waganga na wakunga duniani kote wanapima nyonga za watoto wachanga kwa njia yenye jina la Ortolani. Chanzo chake kilikuwa mkono wa mama.

DALILI ZA KUANGALIA

Mlaze mtoto chali juu ya mkeka, bila nguo, akiwa ameshiba na hana kilio. Angalia hivi:

Kwanza, panua mapaja yake polepole, kama unapobadilisha nguo. Je, paja moja linafunguka vizuri na lingine linakataa? Hii ndiyo dalili kubwa kwa mtoto aliyepita miezi mitatu. Huenda umekwisha kuihisi unapomfunga mgongoni: mguu mmoja unazunguka ubavu wako, mwingine unasukuma kurudi.

Pili, kunja magoti yake, nyayo zikae pamoja juu ya mkeka. Je, magoti yako sawa? Kama goti moja liko chini, mguu ule unaonekana mfupi.

Tatu, tazama mikunjo ya mapaja na matako. Ikiwa upande mmoja si sawa na mwingine, mwonyeshe mwuguzi. Watoto wazima wengi pia wana mikunjo isiyo sawa, basi usiogope kwa hiyo peke yake.

Nne, mtoto akianza kutembea: anachechemea? Anatembea kwa ncha ya kidole upande mmoja? Kama nyonga zote mbili zimetoka, miguu itakuwa sawa kwa urefu, lakini atayumba huku na huku kama bata, na tumbo litatoka mbele.

Usisukume mfupa wala kurudia-rudia kuubofya ili usikie mlio. Kazi hiyo ni ya mtu aliyefundishwa. Wewe tazama, na ulete habari.

Wakati mzuri wa kuuliza ni siku ya chanjo. Mtoto anarudi akiwa na majuma 6, 10 na 14, na tena miezi 9. Kila mara sema: "Tafadhali, nitazamie na nyonga zake." Haichukui hata dakika mbili.

MAPEMA NI MKANDA, KUCHELEWA NI KISU

Matunzo yanafuata umri.

Tangu kuzaliwa mpaka miezi 6: mtoto anavalishwa mikanda ya kitambaa inayoshika mabega na miguu, ili magoti yakae yamejikunja na mapaja yamepanuka. Mikanda hiyo ilitengenezwa na mganga Arnold Pavlik wa Chekoslovakia ya zamani. Mtoto anaivaa usiku na mchana kwa majuma 6 mpaka 12 hivi, huku akipimwa mara kwa mara. Katika watoto 10 walioanza mapema, zaidi ya 8 wanapona bila kupasuliwa. Lakini usijaribu kuitengeneza mwenyewe nyumbani. Miguu ikipanuliwa kwa nguvu, damu inaweza kukosa njia ya kufika kwenye kichwa cha mfupa, na mfupa utakufa. Kuvalisha nepi mbili au tatu nako si dawa.

Miezi 6 mpaka mwaka na nusu: mara nyingi lazima mtoto alazwe usingizi wa dawa, mganga aurudishe mfupa, kisha afungwe plasta toka kifuani mpaka miguuni kwa miezi kadhaa.

Akiisha kutembea: mara nyingi ni kupasuliwa. Kila mwaka unaopita, kazi inakuwa ngumu zaidi. Akipita miaka 8 hivi, mara nyingine waganga wanaona afadhali kutompasua, kwa sababu hasara ingezidi faida.

Sasa fikiri juu ya njia zetu. Kutoka Salamabila mpaka Kasongo unajua jinsi barabara ilivyo, hasa wakati wa mvua, na mara nyingine pia usalama hakuna. Mganga wa kupasua nyonga ya mtoto yuko mbali zaidi. Goma kuna hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa na mganga wa mifupa Jo Lusi. Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu kinachosaidia watoto walemavu. Huko ni safari, chakula, mahali pa kulala na mtu wa kubaki na watoto wengine. Kwetu sisi basi, kuona mapema ni faida mara mbili.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme mama wawili wamejifungua wasichana, wote wawili kwa matako. Mama wa kwanza, mtoto akiwa na majuma 6, anaona mguu wa kushoto haufunguki. Bibi anamwambia:

"Mjukuu wangu hana kitu. Halii, ananyonya, ananenepa. Akitembea atanyooka."

Anajibu: "Ndiyo, mama. Lakini kwa kuwa halii ndiyo sababu naenda kuuliza. Nikubalie niende, nitarudi na jibu."

Anakwenda, mtoto anapimwa, anatumwa mbele, anapata mikanda. Anapofika mwaka mmoja na nusu anatembea kama wenzake.

Mama wa pili anamkubalia bibi wa kwake. Mtoto anatembea kwa kuyumba. Wanamkanda kwa mafuta na majani ya moto, wanamvuta mguu, wanamchanja wembe. Hapati maumivu makubwa, na watu wanazoea. Wenzake wanamwita kwa jina la kilema chake. Anapofika miaka 20 au 30, nyonga inaanza kumuuma sana: asubuhi anapoamka, anapotoka mtoni na ndoo, anaposhinda akitwanga mawe kwenye kariyeri ya dhahabu. Mfupa umesagika kwa kukaa mahali pasipo pake miaka yote hiyo.

Bibi wote wawili waliwapenda wajukuu wao. Tofauti ilikuwa majuma machache tu.

SI KILA KUCHECHEMEA NI KILEMA HIKI

Mtoto anaweza kuumwa nyonga kwa sababu nyingine. Zijue, kwa maana nyingine hazingoji.

USAHA NDANI YA NYONGA. Mtoto ana homa, analia ukimgusa mguu, hataki kuusogeza wala kuukanyagia. Hii ni ya hatari. Nenda hospitali leo hii, hata kama ni usiku kama njia inawezekana. Usaha unaharibu nyonga kwa siku chache.

UGONJWA WA DAMU WA SS. Watoto wengi wa Kongo wanazaliwa nao. Damu inaziba njia ndogo, na kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa kwa kukosa damu. Mtoto wa SS anayechechemea apelekwe kwa mganga.

KIFUA KIKUU CHA MFUPA. Kinaanza polepole, kwa majuma au miezi. Mtoto anakonda, anachechemea, usiku analia. Kina dawa, na kinapona.

KUFA KWA KICHWA CHA MFUPA bila ugonjwa wa damu. Hutokea zaidi kwa wavulana wa miaka 4 mpaka 8.

MFUPA WA ZIADA. Mara chache sana, mtu anazaliwa na kijifupa kilichoota karibu na nyonga, kama kidole au ubavu mdogo. Waganga Sullivan na Cornwell waliandika habari yake katika 1974. Wengi wenye mfupa huo hawajui kama wanao, na unaonekana tu wanapopigwa picha ya radio kwa sababu nyingine. Wachache wanapata maumivu. Usipouma, unaachwa. Ukisumbua sana, unaweza kuondolewa.

Na angalia ujanja mmoja wa mwili: mara nyingi nyonga inapougua, mtoto anaonyesha goti. Anasema, "Mama, goti." Unapaka dawa gotini miezi mitatu, na ugonjwa uko juu. Mtoto akilalamika goti na goti halijavimba, omba nyonga itazamwe.

NA WEWE MWENYEWE, MAMA?

Kama tangu utoto unachechemea, au unaumwa pale paja linapokunjika, waeleze kliniki. Kuna dawa za kupunguza maumivu, fimbo ya kushika upande wa mguu mzima, na njia za kupunguza mizigo. Kama una mimba, mwambie mkunga mapema, usingoje siku ya uchungu. Wanawake wengi wenye nyonga mbaya wanazaa salama, lakini mkunga ajue kama miguu inapanuka, na kama ni lazima ujifungulie hospitali. Na mtoto wako atazamwe vizuri, kwa sababu kilema hiki kinafuata jamaa.

MAULIZO YA KUFIKIRI

1. Kwa nini mtoto mwenye nyonga iliyotoka halii?
2. Watoto gani wako katika hatari zaidi? Je, kuna mmoja nyumbani kwako au kwa jirani?
3. Ukimfunga mtoto mgongoni, mapaja na magoti yanatakiwa kukaa namna gani?
4. Mtoto ana homa na hataki kusogeza mguu. Utafanya nini, na lini?
5. Mama mkwe anasema, "Akitembea atanyooka." Utamjibu nini kwa heshima?

KUMBUKA

Mbebe mtoto mgongoni, miguu imepanuka.
Usinyoshe wala kubana miguu yake.
Tazama mapaja yote mawili, kila siku unapomwosha.
Uliza juu ya nyonga kila siku ya chanjo.
Usivute, usichanje, usikande kwa nguvu.
Usingoje aumwe. Usingoje atembee.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako karatasi hii. Kama hajui kusoma, msomee mkiwa mnachambua sombe.